Dalili, Kiashiria na Hatari: Lugha ya Vipimo vya Damu vya Presha ya Mimba

Istilahi “kifafa cha mimba” imekita mizizi katika kliniki za wajawazito za Afrika Mashariki. Ni istilahi yenye nguvu, kwani mwenye sikio husikia ndani yake mzizi wa kitenzi “kufa”. Hata hivyo, ina dosari ya kisemantiki: inautaja ugonjwa kwa tukio lake la mwisho. Kifafa ni mtukutiko wa mwili, ilhali maradhi yenyewe huwa yameanza majuma kadhaa kabla, kimyakimya, katika kondo la nyuma. Kwa hatua hiyo ya awali wengi husema “presha ya mimba”, japo jina hili hufunika pia shinikizo la damu lisiloambatana na madhara ya figo, ini au viungo vingine.

Kwa kawaida, ugonjwa hutambuliwa baada ya juma la 20 la ujauzito, shinikizo likifika 140/90 au zaidi, na protini ikaonekana katika mkojo au kiungo kikawa kimeathirika. Damu, hata hivyo, hutangulia kusema. Mnamo 2003, watafiti wa Boston, Ananth Karumanchi akiwa miongoni mwao, walionyesha kwamba kondo lililo taabani humwaga katika damu protini iitwayo sFlt-1 kupita kiasi. Protini hiyo huinasa nyingine, PlGF, ambayo kazi yake ni kuistawisha mishipa ya damu. Panya wenye mimba waliotiwa sFlt-1 walipandwa na shinikizo na mkojo wao ukawa na protini. Mwaka uliofuata ilibainika kuwa sFlt-1 huanza kupanda majuma matano hivi kabla ya ugonjwa kudhihirika.

Hapa ndipo neno “dalili” linapoelemewa. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili, basi, ni kitu kionwacho au kihisiwacho: kichwa kuuma vikali, macho kuona vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo, uso kuvimba. sFlt-1 haihisiwi na yeyote. Mama anayejihisi mzima akiambiwa ana “dalili”, ana haki ya kushangaa. “Kiashiria” chafaa zaidi, kwa kuwa kuashiria ni kuelekeza tu. Kitenzi hiki hakidai kwamba kinachoelekezwa kimekwisha kuwadia. Kutohoa na kusema “bayomaka” kuna fadhila ya ufupi, lakini hakumwambii mkunga chochote.

Tatizo kubwa zaidi limo katika “hatari”. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima uwiano wa sFlt-1 kwa PlGF kwa wajawazito waliokuwa wakishukiwa kuwa na ugonjwa huu. Uwiano ulipokuwa 38 au chini, takribani wanawake 993 katika kila 1,000 hawakuupata katika juma lililofuata. Ulipozidi 38, takribani 37 katika kila 100 waliupata katika majuma manne. Kwa maneno mengine, walio wengi miongoni mwa waliozidi kiwango hawakuupata katika muda huo. Muuguzi anapotamka “damu yako inaonyesha hatari”, msikilizaji hasikii 37 kati ya 100. Kibao cha HATARI kwenye transfoma ya stima hakizungumzii uwezekano. Kinasema ukigusa utakufa. Isitoshe, neno lenyewe tayari lina kazi kliniki: “dalili za hatari” ni yale mambo yanayomtaka mama akimbilie hospitali papo hapo. Neno hilohilo likitumiwa kwa tarakimu ya maabara, ama mama atakimbia bila sababu, ama atazoea, na siku ya vimulimuli asikimbie.

“Uwezekano” ni neno pole zaidi, na upole huo una kasoro yake. Watu husema pia kuna uwezekano wa kupata kazi. Mama anaweza kuliona jambo kuwa jepesi akaacha kurudi. Dawa yake si kurudisha “hatari” bali kuliambatanisha neno na idadi na muda. Hata matokeo mema yanahitaji muda wake kutajwa, maana damu iliyopimwa leo haina neno juu ya mwezi ujao.

Vipimo hivi bado ni adimu, na katika zahanati nyingi za kanda hii mkunga hutegemea mashine ya presha na kipimo cha mkojo. Wapo watakaouliza, basi, haraka ya istilahi ni ya nini. Jibu ni kwamba mashine isiyopokelewa na maneno huja na maneno yake, na wanafunzi wa Kiswahili huachiwa kuyalalamikia. Huenda sentensi ya kuanzia ikawa hii: “Mama, kiashiria kilicho katika damu yako kimepanda. Kati ya wanawake 100 wenye kipimo kama chako, 37 hivi hupata presha ya mimba yenye madhara katika majuma manne. Rudi Alhamisi tukupime tena. Kichwa kikiuma sana au ukiona vimulimuli, hiyo sasa ni hatari; usingoje Alhamisi.”