SOMO KWA MAKATIBU: PICHA KUU YA HABARI KATIKA TOVUTI YA CHAMA



Chama chenye tovuti kimejipatia ubao wa matangazo usiofungiwa ofisini. Mwanachama aliye shambani au safarini husoma kwa simu habari za mkutano mkuu, bei ya mnada na malipo ya pili. Lakini kabla hajasoma neno, jicho lake limekwisha kuona picha. Ikiwa picha hiyo ni ya msimu uliopita, nayo yaonyesha bei ya zamani, atafika ofisini kudai bei aliyoiona. Kwa hiyo kazi ya kuweka picha si kazi ya pambo; ni sehemu ya kutoa taarifa sahihi.

1. Picha kuu ni nini?

Katika WordPress, programu itumiwayo na tovuti nyingi, kila habari yaweza kupewa picha moja ya kuiwakilisha. Utaratibu huo uliingizwa katika toleo la 2.9, mwezi Desemba 2009. Picha kuu si sawa na picha zilizopachikwa katikati ya maandishi. Yenyewe hukaa katika maktaba ya picha, na habari hubeba kumbukumbu tu ya kusema, "picha yangu ni ile." Kwa sababu hiyo, picha moja yaweza kuonekana juu ya habari, katika orodha ya habari zote, na hata kiungo cha habari kinapotumwa kwa WhatsApp, iwapo tovuti imewekewa programu ya nyongeza ya kazi hiyo.

2. Kuiweka

Fungua habari katika ukurasa wa kuhariri. Katika safu ya mipangilio, ambayo kwa kawaida huwa upande wa kulia, tafuta sehemu ya picha kuu. Bonyeza, chagua picha katika maktaba au pakia mpya, kisha uandike maelezo mbadala, yaani sentensi fupi ya kumweleza asiyeona yaliyomo. Mwisho hifadhi habari yako. Picha iliyochaguliwa bila habari kuhifadhiwa ni sawa na stakabadhi isiyotiwa sahihi.

3. Kuionyesha kwa programu ya kujenga kurasa

Hapa ndipo penye matata. Kuweka picha ni jambo moja, na kuionyesha ni jambo jingine. Programu ya kujenga kurasa, kama Elementor iliyotolewa mwaka 2016, hutumia kiolezo. Kiolezo ni kama kalibu ya matofali: kalibu ni moja, matofali ni mengi. Lolote utakalolibandika katika kalibu litaonekana katika kila tofali.

Tuseme Katibu anatengeneza kiolezo cha habari. Anachukua kifaa cha picha ya kawaida na kuchagua picha ya uchaguzi wa Bodi. Tangu hapo habari ya pembejeo, ya mnada na ya msiba zote zitabeba picha ya uchaguzi. Kosa haliko katika habari. Liko katika kalibu.

Njia iliyo sawa ni hii:

(a) Katika kiolezo cha habari moja, weka kifaa cha picha kuu, au kifaa cha picha kilichoagizwa kuchukua picha kuu ya habari husika. Hapo kila habari italeta picha yake.

(b) Weka sharti la matumizi, kwamba kiolezo kitumike kwa habari zote au kwa kundi fulani la habari.

(c) Katika ukurasa wa orodha, weka kifaa cha kuorodhesha habari, ruhusu picha ionekane, na uchague ukubwa wake.

Vifaa hivyo vya Elementor vimo katika toleo la kulipia. Chama kisichokuwa na fungu hilo kisikate tamaa. Tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021, WordPress yenyewe ina kifaa cha kuorodhesha habari pamoja na picha zake kuu, bila malipo ya ziada.

4. Picha isipoonekana

Kagua kwa utaratibu, kama unavyokagua hesabu. Kwanza, je, habari imepewa picha kuu, au picha imepachikwa ndani ya maandishi tu? Pili, je, sharti la kiolezo linaihusu habari hiyo? Tatu, je, unatazama nakala ya zamani iliyohifadhiwa? Futa nakala hizo, kisha utazame upya. Picha ikionekana mara mbili, huenda mandhari ya tovuti yanaionyesha na kiolezo nacho kinaionyesha, ondoa mojawapo.

5. Ukubwa na uzito

Picha ya simu yaweza kuwa na uzito wa megabaiti kadhaa, na gharama ya kuifungua humwangukia mwanachama. Ipunguze kabla ya kuipakia. Upana wa pikseli 1200 na kimo cha 630 watosha kwa kazi nyingi. Picha zote zikiwa na uwiano mmoja, orodha itakaa sawasawa, wala vichwa vya watu havitakatwa.

6. Haki ya mwanachama

Usitoe picha ya mtu bila ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Usipige picha stakabadhi, daftari la mizani au orodha ya malipo yenye majina na namba za akaunti, ukaifanya picha kuu. Wala usichukue picha ya mtu mwingine mtandaoni, ina mwenyewe. Picha ya wanachama wenu wakiwa kazini, iliyopigwa kwa ridhaa na kuandikiwa tarehe, ni bora zaidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini habari zote za chama zaweza kutoka na picha moja?
2. Habari ya malipo ya pili yafaa kuwa na picha gani, na ipi haifai?
3. Katika chama chenu, nani huidhinisha picha kabla haijatolewa, na ridhaa ya mwanachama huandikwa wapi?

Swali la tatu lipelekwe mbele ya Bodi, na jibu lake liingizwe katika kumbukumbu za mkutano.