Galaksi Zinapogongana: Maswali na Majibu

Je, galaksi mbili zikigongana, nyota zake huparamiana na kulipuka?

Barua nyingi zenye swali hili zimejibiwa kwa pamoja, kwa kuwa zote zinatokana na video zinazosambazwa kwa simu, zikionyesha nyota zikipasuka kwa maelfu. Hayo hayatokei. Galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota pamoja na gesi na vumbi unaoshikiliwa na nguvu ya mvutano, sehemu yake kubwa mno ni uwazi mtupu. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, ilhali Proxima, nyota iliyo jirani nalo kuliko zote, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, ambao ni sawa na kilomita trilioni 40. Lau Jua lingekuwa chungwa la sentimita 8 lililowekwa Dar es Salaam, jirani huyo angekuwa umbali wa kilomita 2,300, na kati yao pasingekuwa na nyota nyingine yoyote. Ndiyo maana nyota za galaksi moja hupita katikati ya nyota za galaksi nyingine bila kugusana, ingawa mvutano huzipinda njia zake na kuzitupa baadhi mbali. Kinachogongana kwelikweli ni gesi, kwa sababu mawingu yake hutanda makumi ya miaka ya nuru na hayawezi kupishana.

Gesi ikigongana, nyota huzaliwaje?

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya hidrojeni yenye baridi ya nyuzi 260 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Mgongano huyabana mawingu hayo, msongamano huongezeka, na mvutano wa wingu lenyewe hulishinda shinikizo la gesi, hata wingu likaporomoka na kukatika vipande ambavyo hupata joto na kuwa nyota. Mfano unaojulikana sana ni Galaksi za Antena, yaani NGC 4038 na NGC 4039, katika kundinyota la Ghurabu, ambazo William Herschel aliziona mwaka 1785. Mikia yao miwili mirefu ilielezwa mwaka 1972 na ndugu Alar na Jüri Toomre, walioonyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba mvutano peke yake unatosha kuichomoa. Picha za darubini ya Hubble zilizotolewa mwaka 1997 zilidhihirisha zaidi ya vishada 1,000 vya nyota changa za buluu. Hata hivyo, baadhi ya nyota changa kuliko zote zimo mahali panapoonekana peusi, pale galaksi hizo zinapolaliana, kwa kuwa vumbi humeza mwanga wao na kuutoa tena kama miali ya infraredi isiyoonekana kwa macho.

Galaksi ya Andromeda itaigonga Njia ya Maziwa, yaani galaksi yetu, lini, na watu wajiandae vipi?

Wasijiandae. Utafiti wa mwaka 2012 ulitaja miaka bilioni 4 ijayo, lakini hesabu mpya za mwaka 2025 zimeona kwamba uwezekano wa mgongano huo ndani ya miaka bilioni 10 ni nusu kwa nusu. Muda mrefu kabla ya hapo, Jua linalozidi kung'aa litakuwa limekwisha kuzikausha bahari za Dunia.

Je, migongano hii hubadili bahati ya aliyezaliwa chini ya nyota fulani?

Haibadili, na anayetoza ada kwa ushauri huo ni tapeli.

Je, kila mgongano huzaa nyota kwa wingi?

La. Galaksi Arp 220, iliyotokana na galaksi mbili zenye gesi tele, kila mwaka hugeuza gesi yenye uzito wa zaidi ya majua 100 kuwa nyota, ilhali Njia ya Maziwa haifikishi hata 5. Kasi hiyo haidumu, kwa sababu gesi huliwa na nyota zenyewe, na zile kubwa, ambazo huishi miaka milioni chache tu, hulipuka na kuipeperusha sehemu ya gesi iliyobaki. Galaksi zilizokwisha kupoteza gesi yake zikigongana, huungana na kuwa galaksi moja kubwa zaidi, lakini nyota mpya hazipatikani, maana hakuna cha kuziumbia.