Gari la Baba Linapouzwa

Katika nchi yetu ya majani chai, Kericho na Bomet, bonasi imejenga nyumba nyingi na kuvuruga nyumba si chache. Mwezi huu tuzungumzie gari la milango miwili kutoka Japani, tuseme Toyota 86, ambalo mume amelishusha chini kwa springi fupi, akalitia rimu pana na ekzosi inayosikika ng'ambo ya bonde. Njia ya kwenda kituo cha kununulia chai ni matope, viti vya nyuma havitoshi watoto, na karo inadaiwa. Hatimaye mmekubaliana liuzwe. Mmekubaliana kweli?

Kwa kuwa limeandikwa jina la baba, wengi husema ni la baba. Kanuni ya 1055 ya sheria za Kanisa yaiita ndoa ushirika wa maisha yote, na gari limo humo. Hata Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya, ya mwaka 2013, hudhania kwamba mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja, anaishika kwa ajili ya mwenzake pia, hadi ithibitishwe vingine. Basi bei ya mwisho ipangwe na wote wawili kabla mnunuzi hajafika. Mume asirudi na bei moja mdomoni na nyingine mfukoni. Mama naye asimcheke: mwenzake anaachana na kitu alichokipenda.

Fedha za mapambo hazirudi zote. Wanunuzi wengi huogopa gari lililochezewa na mafundi. Kama springi na ekzosi za kwanza bado ziko stoo, zirudisheni, na hizo za fahari ziuzwe kando.

Kisha mwambieni mnunuzi yote: kilichobadilishwa, fundi aliyekibadilisha, na gari liligonga nini. Katekisimu, namba 2409, inaweka udanganyifu wa biashara chini ya amri ya saba, ile ya kutoiba. Injini ikiwa ilibadilishwa na namba yake hailingani na kitabu cha gari, tengenezeni hilo kwanza.

Malipo yapite benki, katika akaunti ambayo nyote mwaijua. Msitoe funguo kwa ahadi ya "nitamalizia bonasi ikitoka", hata kama ni mtu wa jumuiya yenu. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki katika mtandao wa NTSA, msiuache. Sheria ya Trafiki yatoa siku 14, na humhesabu mwenye jina kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vingine. Likimgonga mtu Sotik, watakaotafutwa ni ninyi.

Maswali ya kuzungumza jioni:

Fedha hizi zianze wapi, karo au deni la chama cha akiba?

Nyumbani mwetu, ni kitu gani kingine ambacho mmoja wetu hukiita "changu"?