Jongoo Bahari katika Tangi la Kioo: Somo la Mchanga wa Uroa

Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, ufuo wa Uroa, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, hugeuka kuwa uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi, hadi mbali kwenye mwamba ambako mawimbi huvunjika. Mwanafunzi apitaye kando ya mashamba ya mwani, akitazama chini kwa makini, ataona vijirundo vya mchanga uliokaa mithili ya tambi zilizokatika. Hicho ni kinyesi cha jongoo bahari. Mnyama mwenyewe yu karibu, na pengine amejifukia.

Swali tunalolichunguza hapa ni kama mnyama huyu aweza kufugwa nyumbani au shuleni, katika tangi la kioo lenye mchanga na matumbawe. Nchi za ng'ambo wako wengi wafanyao hivyo, na wauzaji humsifu kuwa ni mfagiaji wa tangi. Sifa hiyo ni kweli nusu.

Jongoo bahari ni wa kundi la ekinodamata, pamoja na kiti cha pweza na wanyama wa miba wanaowachoma wavuvi miguuni. Hana ubongo, ana pete ya neva iliyozunguka koo. Mifupa yake ni chembe za chokaa zilizotawanyika ndani ya ngozi, zisizoonekana ila kwa hadubini. Huvuta maji kwa njia ya haja na kuyaingiza katika viungo viwili vilivyotawanyika kama matawi, na hapo ndipo apatapo oksijeni. Wapo hata samaki wembamba wanaoingia kwa mlango huo huo na kufanya makazi humo, jambo ambalo wanafunzi hucheka kulisikia, lakini ndivyo lilivyo.

Aina tutakayoitumia kama mfano ni jongoo mchanga, ambaye wanasayansi humwita *Holothuria scabra*. Kwa minyiri mifupi iliyozunguka kinywa huokota mchanga na kuumeza. Mchanga wenyewe si chakula. Chakula ni bakteria, mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na mabaki yaliyooza yanayoshikamana na punje zake. Anachokitoa ni mchanga uliopungua uchafu. Hata hivyo, chakula alichokisaga hakipotei: sehemu yake hurudi majini kama amonia. Kwa hiyo hufagia sakafu lakini haondoi taka nyumbani. Kazi ya kuigeuza amonia hubaki kwa bakteria, na ya kuondoa kinachosalia hubaki kwa mwani na kwa mfugaji abadilishaye maji.

Hapa ndipo penye tatizo kubwa la tangi. Majaribio yaliyofanywa Visiwa vya Solomon katika miaka ya 1990 yalionyesha kuwa vifaranga vya jongoo mchanga huacha kukua uzito wao wote unapofikia kiasi cha gramu 225 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Natufanye hesabu. Tangi lenye urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 45 lina sakafu ya mita za mraba 0.405. Tukizidisha kwa 225 twapata gramu 91 tu. Mnyama aliyefikia uzito wa kuuzwa, yaani gramu 350 au zaidi, angehitaji sakafu ya mita za mraba zipatazo 1.6, karibu mara nne ya hiyo. Basi tangi la kawaida la nyumbani hutosha jongoo mmoja, tena mdogo. Kuongeza kina cha maji hakusaidii, maana yeye halishi majini bali mchangani.

Aidha, mchanga mpya uliooshwa hauna kitu. Yafaa tangi liachwe miezi kadhaa, likiwa na mwanga na pampu ya hewa, mpaka utando wa kahawia na kijani uote juu ya mchanga. Mchanga uwe laini, wa kina cha sentimita tano au zaidi, ili mnyama ajifukie. Anayeshinda na njaa halii wala hahangaiki. Husinyaa polepole, na mwenye tangi humwona yu hai akadhani ni mzima. Dawa ni mizani. Mpime kila mwezi kwa utaratibu ule ule, baada ya kumwacha atoe maji kwa dakika moja, kwani maji aliyoyabeba mwilini yaweza kudanganya hesabu. Uzito ukishuka miezi miwili mfululizo, mrudishe alikotoka.

Jambo la pili ni chumvi. Jongoo bahari hawezi kurekebisha chumvi ya mwili wake. Yakiwa makali maji, naye huwa mkali ndani. Tuseme tangi lina lita 180 za maji yenye gramu 35 za chumvi kwa lita, jumla gramu 6,300. Zikikauka lita 18, chumvi hubaki yote, na kila lita iliyosalia huwa na gramu 38.9. Mwanafunzi asiyefikiri ataongeza maji ya bahari, na hapo atapata gramu 38.5, karibu pale pale. Yanayotakiwa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na yakiwa ya bomba yenye klorini yaachwe kwanza yakipulizwa hewa.

La tatu ni sumu. Ngozi na matumbo ya majongoo wengi yana holothurini, kemikali inayoharibu mashavu ya samaki. Jongoo mweusi *Holothuria leucospilota*, aonekanaye sana miambani, akichokozwa hutoa nyuzi nyeupe zinazonata. Jongoo mchanga hana nyuzi hizo, lakini akidhikika aweza kuyatapika matumbo yake, kisha akaota mengine baada ya majuma. Baharini sumu hiyo huchukuliwa na maji kupwa na kujaa. Ndani ya lita 180 haina pa kwenda, na samaki wote waweza kufa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mdomo wa pampu ufunikwe kwa wavu, maana majongoo wengi hufa kwa kunyonywa na pampu, na akiba ya maji safi ya bahari iwepo daima.

Lipo pia suala la kumtoa mnyama huyu baharini. Wenyeji wa Unguja kwa kawaida hawamli, ila hukaushwa na kusafirishwa hasa kwenye masoko ya China, na biashara hiyo imewapunguza sana. Mwaka 2013 jongoo mchanga aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji wake katika miaka ya 2000. Zanzibar imejaribu njia ya ufugaji: kituo cha Beit-el-Ras, kilichojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini kupitia FAO, huzalisha vifaranga, na tafiti zilizochapishwa mwaka 2016 zilijaribu kuwafuga pamoja na mwani, mmoja akila kinachoanguka kutoka kwa mwingine.

Mwalimu atakaye kufundisha kwa tangi aombe idhini ya mamlaka ya uvuvi na kamati ya wavuvi ya kijiji, na ikiwezekana apate kifaranga cha kituoni badala ya kuokota mtu mzima ufuoni, ambaye ndiye mzazi wa kizazi kijacho. Mayai na mbegu hutolewa majini. Wazazi wakiwa mbali mbali, hayakutani. Jongoo aliyekaa na samaki au matumbawe ya mahali pengine asirudishwe Uroa, asije akapeleka maradhi. Aliyekaa peke yake arudishwe jioni, maji yakianza kujaa, awekwe penye majani ya bahari, na kuachwa ajifukie mwenyewe.