Mishale Miwili: Simu ya Mkononi na Imani ya Wananchi kwa Chanjo

Mama mwenye meza ya vitenge katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, anaweza kuwa mfano wa wengi. Ni jioni, anafunga mizigo. Binti yake wa miaka 9 amerudi na taarifa ya shule kwamba wiki ijayo wahudumu wa afya watafika kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kabla mama hajafika kituo cha daladala, simu inalia. Katika kundi la WhatsApp la kikoba chake imeingia sauti ya dakika mbili: mwanamke asiyejitaja jina, mwenye utulivu wa muuguzi, anaonya kwamba chanjo hiyo hufunga kizazi. Aliyeileta kundini ni mweka hazina, mtu aliyetunza fedha za wenzake miaka sita bila shilingi kupotea.

Wapo watakaosema kwamba mama huyu, akikataa binti asichanjwe, atakuwa ameuamini mtandao. La. Atakuwa amemwamini mweka hazina. Mtandao wa kijamii hauna heshima yake wenyewe mitaani. Huazima heshima ya shangazi, ya imamu, ya mchungaji, ya mwalimu, kisha hupita nayo kutoka kundi hadi kundi. Naye mweka hazina hakukusudia kudanganya. Aliogopa, akawahurumia mabinti wa wenzake, akasambaza. Ndiyo maana kumkejeli mbele ya kundi huharibu zaidi kuliko kujenga: wanakikoba watasimama kumtetea mtu wao, na uvumi utapita katikati yao ukiwa umekingwa.

Kasi ya uvumi imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambaa kupitia Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa tena kuliko za kweli, na waliozisambaza hivyo walikuwa binadamu, si mitambo. Uongo huwa na upya na mshangao. Ukweli, aghalabu, umeshasikika. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa 2021, uliwaonesha watu wa Uingereza na Marekani taarifa potofu kuhusu chanjo ya UVIKO-19. Miongoni mwa nia zilizokuwa thabiti za kuchanjwa, takriban 6 katika kila 100 zilitetereka. Sita huonekana namba ndogo. Kwa ugonjwa kama surua si ndogo hata kidogo, kwa kuwa kinga ya jamii huhitaji watoto wapatao 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Wakipungua sita tu, mlango umefunguka.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuitupia simu lawama yote. Uvumi huota pale ambapo jibu halikutolewa, na Tanzania inao mfano wake. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 2020. Mapema Mei mwaka huohuo utoaji wa takwimu kwa umma ulikuwa umesimama, zikiwa zimefikia wagonjwa 509. Januari 2021 Rais John Magufuli, akiwa Chato, alieleza hadharani mashaka yake juu ya chanjo zilizotengenezwa ng'ambo, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikatamka kwamba nchi haikuwa na mpango wa kuzipokea. Kwa zaidi ya mwaka, mkazi wa Gerezani au Jangwani aliyetaka kujua hali ya ugonjwa alibaki na simu yake, na simu haikumnyima majibu.

Kisha mambo yakageuka kwa haraka. Baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kushika madaraka Machi 2021, kamati ya wataalamu iliundwa, na Julai 24 dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zikawasili Dar es Salaam kupitia mpango wa COVAX. Julai 28 Rais alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Kwa wafanyabiashara wa Kariakoo ulikuwa mwezi wa majonzi. Soko kuu lilikuwa limeungua usiku wa Julai 10, na wengi walikuwa wakihesabu hasara, si takwimu za chanjo. Wananchi walioelezwa Februari kwamba chanjo haihitajiki walitakiwa Julai wapange foleni. Wapo walioitika siku ya kwanza. Wengi walisita, na kusita kwao hakukuwa ujinga: walikuwa wakisubiri mtu awaeleze nini kimebadilika.

Katika nafasi hiyo ndipo zilipoingia video za sumaku. Kote duniani, katikati ya 2021, zilisambaa picha za watu wakibandika sarafu au sumaku begani na kudai kwamba chanjo imewawekea chuma mwilini. Mkazi yeyote anaweza kulijaribu dai hilo kwa sumaku ya spika mbovu: kitu chepesi hushika kwenye ngozi yenye jasho na mafuta, aliyechanjwa na asiyechanjwa, na poda kidogo ikipakwa kinadondoka. Dozi ya chanjo ile ilikuwa nusu mililita. Mwili wa mtu mzima una gramu tatu hadi nne za chuma tangu hapo, nyingi zikiwa ndani ya damu, na hakuna anayenaswa na sumaku akipita dukani.

Uvumi mgumu zaidi ni ule wenye punje ya ukweli. Ujumbe kwamba chanjo ya Janssen huleta kuganda kwa damu haukutungwa kutoka hewani. Aprili 13, 2021 Marekani ilisimamisha chanjo hiyo kwa siku kumi baada ya kubaini watu 6 waliopata aina ya nadra ya kuganda kwa damu, kati ya dozi zaidi ya milioni 6.8. Ujumbe wa simu ulibakiza wale sita ukafuta zile milioni. Muhudumu aliyejibu kwamba hizo ni porojo tupu alikosea pia, kwa sababu aliyesoma habari hiyo mahali pengine alijua kwamba lilikuwepo jambo, na tangu hapo hakumwamini muhudumu hata kwa yale ya kweli. Jibu sahihi lilikuwa refu kidogo: hatari ipo, ni ndogo kiasi hiki, ilibainika kwa kuwa kuna wanaofuatilia, na hatari ya ugonjwa wenyewe ni kubwa kuliko hiyo.

Mwanzoni mwa 2022 Watanzania waliokamilisha chanjo ya UVIKO-19 walikuwa bado chini ya 5 katika kila 100. Idadi hiyo ilipanda mara nyingi kabla mwaka haujaisha. Chini ya kile kilichoitwa Mpango Shirikishi na Harakishi, wachanjaji walitoka vituoni wakaenda masokoni, kwenye stendi, kwenye nyumba za ibada na mlango kwa mlango, wakiwa na mtu anayefahamika mtaani. Maswali yaliulizwa uso kwa uso. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinakataza kusambaza taarifa za uongo, na ni vyema kila msimamizi wa kundi akaijua. Lakini sheria haijamshawishi mama yeyote kumpeleka mtoto kliniki.

Sasa irejewe ile sauti ya dakika mbili. Juu yake kuna alama ya mishale miwili, maana yake imesambazwa mara nyingi, walau mikono mitano kutoka kwa aliyeirekodi. Tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo kupelekwa kwenye zaidi ya kundi moja kwa wakati mmoja. Ujumbe ndani ya makundi umefungwa kwa siri, hivyo hakuna ofisi ya kata inayoweza kuuona na kuusahihisha. Anayeweza kuuliza ni mwanakundi mwenyewe: Nani anazungumza? Yuko kituo gani? Lini?

Kuhusu kizazi, chanjo ya HPV haina kirusi hai. Ina protini ya ganda lake tu. Kamati ya Shirika la Afya Duniani inayofuatilia usalama wa chanjo ilipoipitia tena 2017, dozi zaidi ya milioni 270 zilikuwa zimesambazwa, na haikupata ushahidi kwamba inaleta utasa. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa matibabu yake mara nyingi hulazimu mfuko wa uzazi utolewe au upigwe mionzi. Wanawake wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, wengi wao ni wa ugonjwa huu, na wengi hufika wakiwa wamechelewa. Tanzania ilianza kutoa chanjo hii nchi nzima 2018, na tangu 2024 dozi moja inatosha.

Jambo moja wazazi waambiwe mapema. Wasichana wengine huzimia baada ya sindano, kwa hofu au kwa njaa, si kwa sumu. Binti akizimia uwanjani na simu ikamrekodi, video hiyo itakuwa Ilala na Mbagala kabla hajainuka. Anywe chai asubuhi, achanjwe akiwa ameketi, abaki ameketi dakika 15. Mkono kuuma na homa ya siku moja ni kawaida. Kinachozidi hapo kipelekwe kituo cha afya, ambako taarifa yake huandikwa na kufikishwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwenye swali usiku, wakati kundi limechangamka na kituo kimefungwa, anaweza kupiga 199, bila malipo.