Hima: Mlango wa Kuhifadhi Mikoko na Bahari

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu aliyeumba bara na bahari, na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.) na jamaa zake na masahaba wake, somo hili ni katika jambo ambalo watu wa pwani hulitenda kila siku na wachache hulitafutia hukumu yake, nalo ni kukata mikoko na kuvua kwa uharibifu. Limekusudiwa watu wa Mapinga na jirani zao, tangu mlango wa Mto Mpiji hata Mlingotini, Mbegani na Kaole. Walakini hukumu zake ni za pwani nzima.

Mto Mpiji ndio mpaka baina ya Mkoa wa Dar es Salaam na Wilaya ya Bagamoyo, na hapo unapoingia baharini pana mikoko. Wazee hawakuiita miti hii yote jina moja. Walijua mkoko wenye mizizi isimamayo kama miguu ya kaa, na mkandaa ambao gome lake hutiwa ngozi ikapata rangi, na msinzi, na mchu upumuao kwa vijiti vitokezavyo matopeni, na mlilana unaotangulia mbele ya wenzake kuikabili bahari, na mkomafi. Kwa miti hii pwani ilijijenga: boriti za dari, mapau na fito, mataruma ya vyombo, kuni za tanuri la chokaa na za kuchemshia chumvi. Tena boriti zikapakiwa majahazini zikaenda Uarabuni na Ghuba, nchi zisizokuwa na miti ya kujengea. Basi hapana awezaye kusema kwamba kukata mkoko ni haramu kwa dhati yake. Asili yake ni mubaha. Kosa limeingia pale watu walipodhani kwamba mubaha hauna mpaka.

Mpaka wake ni dhara, na dhara ya mkoko ni ya siri, haionekani siku mti uangukapo. Kamba wachanga na samaki wengi hukulia baina ya mizizi ile kabla ya kutoka kwenda maji makuu. Mizizi hiyo hiyo huyashika matope yaletwayo na mto wakati wa masika, yasiende kuyafunika majani ya bahari na matumbawe, na huyavunja mawimbi nguvu kabla hayajafika nchi kavu. Kwa hiyo mwenye kufyeka mikoko mlangoni mwa Mpiji amepunguza kamba katika wavu wa mtu wa Mlingotini ambaye hajapata kumwona maishani mwake. Na mkoko ukikatwa shina hauchipui tena kama uchipuavyo mchu, ukifa umekufa.

Mikoko ya Bara ilifanywa hifadhi ya serikali tangu zama za ukoloni, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yakataza kuikata bila ya kibali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo yakataza shughuli za kudumu zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Haya yajulikana. Lakini barazani husikiwa neno lingine: kwamba hayo ni mambo ya ofisi na mabwana misitu, wala hayana mlango msikitini, kwamba kufungiwa watu kitu alichokiumba Mungu ni uzushi ulioletwa na wageni. Neno hili lina sehemu ya kweli na sehemu ya kosa, na zote mbili zahitaji kuelezwa.

Katika Sharia liko jambo liitwalo hima, nalo ni kuifunga nchi isiyo na mwenyewe isilishwe wala isikatwe, kwa maslaha maalumu. Waarabu walikuwa nalo kabla ya Uislamu, lakini kwa dhuluma. Imesimuliwa kwamba mkubwa wao alipofika katika nchi yenye malisho mema humpandisha mbwa mahali palipoinuka, akambwekesha. Sauti ya mbwa ilipokoma ndipo palipokuwa mpaka wake. Ndani ya mpaka ule hakuna alishaye ila yeye, na nje yake yeye hulisha pamoja na wenziwe. Mtume (s.a.w.) akaibatilisha desturi hii, akabainisha katika hadithi aliyoipokea Bukhari kwamba hakuna hima ila iliyo ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, yaani ile inayofungwa kwa ajili ya Waislamu wote, si kwa tumbo la mtu mmoja. Kisha yeye mwenyewe akalifunga bonde la Naqii kwa farasi wa Waislamu, na akauharimisha mji wa Madina, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Kwa hiyo aliyesema kwamba kufunga nchi ni uzushi wa wageni amekosea kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu.

Ama sehemu ya kweli iliyomo katika neno lake, hiyo yaonekana katika habari ya Sayyidna Umar. Alipoifunga nchi ya Sharafu na Rabadha, alimweka huru wake aitwaye Hunayya kuwa msimamizi, akamwusia. Alimwambia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, maana hiyo hujibiwa. Kisha akamwamrisha amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahmani bin Aufi na wa Uthmani bin Affani. Na hawa wawili ni nani? Ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na mmoja wao akaja kuwa Khalifa baada yake! Sababu aliyoitaja ni kwamba mifugo ya matajiri hao ikifa, wao watarudi kwenye mitende yao na mashamba yao. Bali maskini vikifa vijinyama vyake atakuja na watoto wake wakilia mlangoni mwa Khalifa, na wakati huo itambidi kuwapa dhahabu na fedha, na majani na maji ni mepesi kuliko hizo. Tena akakiri kwamba nchi ile ni ya wenyeji, wameipigania kabla ya Uislamu na wamesilimu wakiwa juu yake, na kwamba wao wanaona amewadhulumu. Lau si haja ya wanyama wa jihadi, asingaliwafungia hata shubiri moja.

Ndiyo mizani ya hima. Wanazuoni wametaja kwamba sharti ifungwe na mwenye mamlaka, iwe kwa maslaha ya wote, na isiwadhikishe watu. Na mwendo wa Sayyidna Umar waonyesha nani atangulie kuzuiwa. Pwani nyingi leo mambo yamepinduka: aliyebeba mzigo wa fito kichwani kwa ajili ya kibanda chake hukamatwa, na mwenye kiwanja aliyefukia mikoko kwa kifusi ajenge ukuta wa kuelekea bahari hupita salama. Tangu mji wa Dar es Salaam ulipotambaa kufuata barabara ya lami ya kwenda Bagamoyo, ardhi ya Mapinga imepanda bei, na kishawishi hicho kimekua pamoja nayo. Hifadhi ya namna hiyo haifanani na hima; yafanana na mpaka wa mbwa.

Ikiwa mtu atasema, "Mimi nimeuziwa kiwanja hicho kwa karatasi," na arudi kwenye habari ya chumvi ya Maaribu. Abyadhi bin Hammali alimwomba Mtume (s.a.w.) ampe machimbo ya chumvi yaliyoko Maaribu katika Yemeni, naye akampa. Mtu mmoja akasema kwamba kilichotolewa ni mfano wa maji yasiyokatika, yaani kila afikaye hujichotea bila ya kazi. Mtume (s.a.w.) akakirejesha. Kutokana na hapo mafakihi wamesema kwamba vitu vya dhahiri ambavyo watu wote huvihitaji havimilikishwi mtu mmoja. Ikiwa kipawa kilichotolewa na Mtume mwenyewe kilirejeshwa baada ya kubainika hali yake, karatasi ya dalali haina nguvu kuliko hicho.

Mfano wa hifadhi iliyofuata njia nzuri uko karibu. Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, mkabala wa Chake Chake. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala asali, usipatikane, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa vile kimeelekea Kibla. Ndiyo asili ya jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na mpango wa kukikodisha kwa biashara ya watalii, na wavuvi wakaupinga, maana ndipo walipopiga dago. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikakitangaza kuwa hifadhi, lakini wavuvi hawakufukuzwa: sehemu ya bahari ya upande wa magharibi ilifungwa isivuliwe kabisa, na sehemu kubwa iliyobaki ikaachwa wavue kwa mitego isiyoharibu, na chama chao wenyewe kikawa na sauti katika usimamizi. Yaani mwenye kondoo wachache aliruhusiwa.

Hata hivyo kwanza kanuni hazikushika sana. Mwaka 1999 alialikwa Fazlun Khalid, mwasisi wa jumuiya ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Uingereza, wakafanya darasa pamoja na wavuvi na waalimu, wakizisoma aya za Kurani juu ya maumbile na ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, kisha mafunzo yakapelekwa vyuoni na katika khutuba za Ijumaa. Waliokuwa hawaijali amri ya ofisi wakaijali ilipowafikia kwa mlango wa dini. Isidhaniwe kwamba kila mvuvi alitubu. Lakini njia ilijulikana, na tangu mwaka 2005 Misali imeingia ndani ya hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Katika Pemba hiyo hiyo watu wa Kisiwa Panza wamekuwa wakifunga miamba ya pweza kwa miezi kadha kisha kuifungua, nao pweza ni mnyama akuaye upesi mno, kwa hiyo faida huonekana kabla subira haijakatika.

Upande wa Mapinga jambo lililo zito kuliko mikoko lilikuwa baruti. Mwaka 2015 watafiti walipita pwani ya Tanzania wakisikiliza chini ya maji kwa vyombo, wakapata milipuko iliyozidi 300, na iliyo mingi ilikuwa katika eneo lisilopita kilomita 80 kutoka Dar es Salaam, eneo ambalo Mapinga imo. Baada ya serikali kukaza mkono milipuko ilipungua sana. Walakini hofu ya doria huisha doria iishapo, na hukumu ya dini haina likizo. Bukhari amepokea kwa Nuumani bin Bashiri mfano uliopigwa na Mtume (s.a.w.) wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi kuwapitia wa juu, wakaona heri watoboe tundu katika fungu lao wasiwaudhi wenzao. Wakiachiwa wataangamia wote, na wakizuiwa mikono wataokoka wote. Mtu wa pwani hahitaji tafsiri ya mfano huu. Na mwenye kuangaliwa vizuri hapo ni aliye juu, ambaye hatoboi kitu, ila amesikia nyundo akanyamaza.

Swali: Je, samaki aliyeuawa kwa baruti ni halali kuliwa? Jawabu: Katika madhehebu ya Imamu Shafi maiti wa samaki ni halali, kwa hiyo nyama yake haikuharimika kwa sababu ya baruti. Kilichoharimika ni kitendo, kwa kuwa kinaua wachanga na mayai na kuvunja matumbawe ambayo hukua polepole mno, na wengi katika waliouawa huzama wasipatikane, na huo ni ufujaji. Mwenye kununua hali anajua amemsaidia mwenye dhambi katika dhambi yake. Ama aliyevuliwa kwa sumu, ikiwa sumu yake yaweza kumdhuru mlaji, haijuzu kumla.

Swali: Aliyekwisha kukata mikoko afanye nini? Jawabu: Toba ya haki za watu haitimii kwa ulimi peke yake, bali kwa kurejesha kilichoondolewa, na mwenye haki hapa ni umma, basi na apande. Zaidi ya hayo imepokewa kwamba kila kinacholiwa na ndege au mtu au mnyama katika mti alioupanda Mwislamu huandikiwa sadaka, na mkoko hulisha wengi kuliko mkorosho.

Namna ya kupanda ni hii, nayo waalimu wa vyuo waweza kuifundisha kwa siku moja. Mbegu ya mkoko huchipuka ikiwa bado juu ya mti, ikawa kama kijiti kirefu cha kijani; iliyoiva ni ile iachiayo kwa kuguswa tu, na ile ing'ang'aniayo iachwe. Huchomekwa matopeni kiasi cha theluthi yake, ncha iliyochongoka chini, umbali wa hatua moja baina ya mbegu na mbegu, wakati maji yamekupwa katika siku za maji mafu, ili zisichukuliwe na nguvu ya bamvua kabla hazijashika. Mkoko hutaka matope laini kando ya mikono ya maji. Mkandaa hupandwa juu zaidi. Mchu hustahimili penye mchanga. Itazamwe kwanza ni mti gani uliokuwa umesimama pale kabla ya kukatwa, maana wako waliopanda mkoko juu ya mchanga mkavu, zikakauka zote. Kaa nao hula baadhi, kwa hiyo hupandwa nyingi kuliko zihitajiwazo, na mahali palipobaki wazi hurudiwa msimu unaofuata.