Maiki yako iko wazi?

Siku hizi somo la afya linaweza kukufikia hapo nyumbani Nyakato, Musoma, kwa mkutano wa video wa Zoom au Google Meet. Umeazima simu ya mjomba, umetulia unasikiliza. Mara mama anamwuliza kaka yako, "Dawa zako za kliniki umeshakunywa?" Kama maiki iko wazi, mkutano mzima umesikia. Siri ya kaka imetoka, na hairudi.

Sasa ufanyeje?

1. Zima maiki mara tu unapoingia. Alama yake ikiwa imekatwa kwa mstari, imezimwa. Usikisie, itazame!

2. Ukitaka kusema, bonyeza alama ya mkono. Ukiruhusiwa, washa, sema, kisha zima tena.

3. Vaa hedifoni. Bila hizo, sauti ya spika huingia tena kwenye maiki na wenzako husikia mwangwi. Tena, watu wa nyumbani hawatasikia wenzako wanauliza nini.

4. Mvua ikipiga bati, andika swali lako. Lakini angalia kwanza: linakwenda kwa wote au kwa mtoa mada peke yake?

Je, ukizima maiki umemaliza? Bado. Kamera ina kitufe chake, nayo ikague.

Una jambo zito la binafsi? Usilimwage mkutanoni. Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.

Jadilini: Ukisikia siri ya mwenzako kwa bahati mbaya, utafanya nini?